Mkono Uliogusa Bastola ya Denzil

Denzil Sisler hakumwamini hata daktari. Alipoambiwa kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la makaa ya mawe alikwenda kwa daktari wa pili, kisha wa tatu, na wote watatu waliposema neno moja, alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa wale watu wamepanga. Mchinjaji akimpimia nyama, yeye alitazama kidole cha mchinjaji, si mizani. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, alikwenda kukagua uzio. Watu wa bonde la Muddy Run, kwenye milima ya West Virginia, walikwisha kumzoea. Walisema mzee Sisler siku akifa atataka kwanza aonyeshwe cheti.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wa 1961 alikuwa fundi wa mashine chini ya mgodi. Kila alfajiri, kabla zamu haijaingia, mkaguzi alitakiwa apite kwenye mashimo yote na taa yake apime kama kuna gesi, kisha atie saini kitabuni. Asubuhi moja ya Februari kitabu kilikuwa na saini. Denzil aliiona kwa macho yake, Hobart Nestor, wino haujakauka sawasawa. Saa mbili baadaye gesi ikalipuka. Lonnie Fike, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa ametangulia mbele hatua thelathini kumchukulia Denzil spana aliyoisahau. Lonnie hakutoka hai. Denzil alitoka, bega la kulia limepondwa na jiwe la dari. Uchunguzi ukafanyika, Hobart Nestor akaapa kwamba alipita kila shimo, maneno mengi yakasemwa, na mwisho wa yote hakuna aliyeulizwa tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Denzil aliona unyasi kila mahali kwa miaka thelathini na tatu.

Bega lile ndilo lililomfikisha kwenye bastola. Furaha yake ilikuwa kulungu. Ile wiki ya Novemba ambapo msimu wa madume hufunguliwa, shule hufungwa, nusu ya wanaume hawaonekani kazini, na yeye hakuikosa hata mwaka mmoja. Lakini bunduki ndefu ilianza kumshinda. Kila ikimpiga teke begani, mkono ulikufa ganzi siku nne. Akanunua bastola kubwa ya silinda, yenye risasi sita nene na mtutu mrefu, ambayo teke lake huishia viganjani. Wenzake walimcheka. Kumpiga kulungu kwa bastola ni mpaka umsogelee, tena ukimkosea kidogo unamwacha atembee na jeraha mlima mzima. Denzil alilijua hilo kuliko wao, na ndiyo maana alitaka bastola ile iwe ya haki kabisa, ipeleke risasi pale pale jicho linapoiambia. Walioitengeneza kiwandani, alisema, walikuwa na haraka ya kwenda kula.

Basi akajifungia bandani. Kiangazi chote cha mwaka wa 1994 bastola ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, na yeye juu yake na tupa ndogo, msasa laini na chupa ya mafuta. Alilainisha kifyatulio ili kisihitaji kuvutwa kwa nguvu, maana mkono unaovuta kwa nguvu hutikisa shabaha. Alibadili springi. Aliusawazisha mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi huiaga bastola, kwa sababu mdomo ukiwa na kasoro kidogo risasi nayo hutoka imeinamisha kichwa. Kazi zote hizi aliziweza tangu ujana. Mgodini walimwita kurekebisha mashine ambazo wenye mashine wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa.

Kila Jumamosi alipigilia sahani ya karatasi kwenye kisiki nyuma ya nyumba, akahesabu hatua hamsini, akaketi, akaegemeza viganja kwenye gunia la mchanga na kupiga risasi sita. Mwezi wa Julai matundu yalitawanyika sahani nzima. Agosti, baada ya kazi yote ile, mawili hayakuigusa sahani kabisa. Denzil alibadili risasi, akalaumu upepo, halafu akaanza kulaumu watu.

Nyumbani kulikuwa na watu wawili wa kulaumiwa. Mkewe, Wilma, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baada ya mazishi binti yao Twila alirudi kutoka Ohio pamoja na mumewe kuja kukaa na mzee. Huyo mume aliitwa Curtis Dietsch, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mikono mikubwa, maneno machache, anayetengeneza mitambo ya kupasha joto madarasa ya shule. Hakuwinda. Alikulia nchi tambarare ya mashamba ya mahindi, na mara ya kwanza alipopanda mlima nyuma ya nyumba alirudi akitweta kama ng'ombe mwenye mimba. Denzil hakuwa na neno baya la kumsema mbele za watu, ila moyoni alijiuliza mwanamume mzima anaacha kwao kwa nini, aje kulala kwenye chumba cha mkwe wake. Tena alikuwa anakaa kimya mno. Anayenyamaza, kwa akili ya Denzil, yuko kazini.

Ndipo akaanza kuweka uzi. Bastola ilikaa kwenye kabati la bandani, na ingawa kabati lilikuwa na kufuli, Denzil alichukua uzi mweusi kutoka kikapu cha Wilma cha kushonea, akaupitisha chini kabisa kwenye ubavu wa mlango, akaubandika kwa nta. Mwenye kufungua asingeuona. Yeye angejua.

Katikati ya Septemba shemeji yake wa Elkins akafa, na Denzil akaenda kukaa na dada yake siku tatu. Aliporudi alipita moja kwa moja bandani, hata koti hajavua. Uzi ulikuwa umekatika.

Kufuli lilikuwa zima. Bastola ilikuwa mahali pake, imefungwa kwenye kitambaa chake. Aliitazama namba ya ubavuni, akaisoma kwa kidole, ikawa ile ile. Mezani siku hiyo Twila alipakua nyama ya kusaga na viazi, akauliza habari za mazishi, na Denzil akajibu huku anamtazama Curtis kwa jicho la pembeni. Curtis alikula, akasifu chakula, akanawa sahani. Denzil alijiambia, kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata mikono haimtetemeki.

Jumamosi iliyofuata alipigilia sahani mpya, akahesabu hatua zake hamsini, akapiga sita. Alipokwenda kutazama alisimama pale kisikini muda mrefu. Matundu matano yalikuwa yamekumbatiana kiasi kwamba kifuniko cha kopo la kahawa kiliyafunika yote. La sita lilikuwa pembeni kidogo, na hilo alijua ni kosa lake, alikohoa.

Mtu mwingine angefurahi. Denzil alitia shaka. Kwa miezi mitatu chuma kile kilikataa kusikia, halafu yeye yuko matangani Elkins na chenyewe kinajirekebisha? Mwizi angechukua, na adui angeharibu. Lakini mtu anayevunja kabati lako akakutengenezea kitu chako, kisha akakaa kimya, huyo anataka nini? Alifikiria kwamba labda Curtis anataka kuiuza na ameipandisha thamani kwanza. Alifikiria pia, na wazo hili lilimkaa vibaya zaidi, kwamba imetengenezwa ionekane nzuri mara chache halafu ipasuke mkononi mwake siku moja mlimani akiwa peke yake. Nyumba na zile ekari arobaini zingebaki kwa nani? Aliisimamisha bastola kwenye mwanga wa dirisha akauchungulia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Aliona ukungu tu, akakisugua kioo kwa shati, akaona ukungu ule ule. Lakini kidole kilimwambia. Mdomo ulikuwa laini mzunguko mzima kama ukingo wa kikombe cha kauri. Ile haikuwa kazi ya tupa. Mashine ya kukereza ilikuwa imepita pale, na mwenye mashine alikuwa anajua anachofanya.

Jumapili akasema kifua kinambana, asingekwenda kanisani. Twila alitaka kubaki naye, akamfukuza. Gari la Twila, na Curtis ndani yake, lilipopotea kwenye kona, Denzil alitoka akaenda kwenye pikapu ya Curtis iliyoegeshwa chini ya ghala, akaanza kupekua kama askari wa forodha. Alitoa glavu, bomba bovu la shule, mkate mkavu wenye soseji ndani, ramani ya Ohio. Chini ya kiti alikuta karatasi imekunjwa mara nne, inanuka mafuta ya bunduki. Iliandikwa kwa kalamu, mistari mingi, mwandiko mdogo. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Herufi zilielea kama majani kwenye maji. Aliweza kuokota neno moja hapa na jingine pale: mtutu, nyundo, Sisler. Chini kabisa palikuwa na saini kubwa ya mtu asiye na aibu na jina lake. Hiyo aliisoma yote.

Ilisema A. Nestor.

Denzil alikaa kwenye kiti cha pikapu, mlango wazi, mpaka kengele ya kanisa ilipolia ng'ambo ya bonde. Hobart Nestor alikwisha kufa, hilo alilijua, maana alisoma tangazo la kifo chake mara mbili. Lakini Hobart aliacha binti, Ardith, na huyo alikuwa fundi wa bunduki huko chini kando ya Mto Cheat, mto ambao jina lake kwa lugha ya kwao ni Udanganyifu. Wawindaji wa kata nzima walimsifu. Denzil hakuwahi kukanyaga pale. Na sasa bastola aliyotarajia kuishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake ilikuwa imepitia mikononi mwa mtoto wa Nestor, kwa siri, kwa mkono wa mkwe wake, na kwa mara ya pili amewekewa saini ya Nestor.

Jumatatu asubuhi Curtis na Twila walipokwenda kazini, aliwasha gari lake akashuka polepole, gurudumu moja kwenye majani ya kando, kwa sababu mstari wa katikati ya barabara siku hizi ulimtoroka. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba nyeupe. Ardith Nestor alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, nywele za kijivu zimefungwa kwa kitambaa, aproni ina madoa. Alipomwona mlangoni alizima mashine.

"Umechelewa, Bwana Sisler," akasema. "Nilikutegemea wiki iliyopita."

"Nani alikwambia nitakuja?"

"Hakuna. Curtis alisema atakuficha. Nikamwambia kumficha mzee Sisler ni kama kuficha moshi kwapani."

Denzil alifunua kitambaa akaiweka bastola mezani. Akamuuliza ameifanya nini. Ardith akasema ameandika kila kitu, na karatasi alimpa Curtis.

"Karatasi za kina Nestor nazijua," Denzil akasema.

Alidhani mwanamke huyo atagombeza. Ardith alifungua tu mtoto wa meza akatoa kipande cha chuma, nyundo ya zamani ya bastola ile, inayogonga risasi, akamwekea kiganjani, na kumwambia apitishe ukucha kwenye kile kijino kinachoishika nyundo isianguke. Denzil akapitisha. Ukucha haukukwama popote. Kijino kilikuwa kimesagwa mpaka kimebaki kama alama ya kalamu.

"Hiyo ni kazi yako," Ardith akasema. "Ulitaka kifyatulio chepesi, ukapiga tupa mpaka hakuna cha kushika. Mwezi wa nane uliiweka hiyo bastola juu ya meza ya jikoni, na nyundo ikaanguka yenyewe. Wewe hukusikia. Curtis alisikia. Twila alikuwa upande wa pili wa meza anamenya viazi."

"Haikuwa na risasi."

"Siku ile."

 Masikio yake yaliharibiwa na mashine za mgodini, na jikoni kelele ndogo ndogo zilikuwa zimekwisha kumpotea zamani. Aliikumbuka siku yenyewe, siku ya joto, mlango wa nyuma wazi. Alikumbuka Curtis alivyoinuka ghafla kutoka kwenye kiti chake akajifanya anatafuta chumvi, akasimama kati ya meza na mkewe. Yeye alikuwa amelihesabu jambo lile pamoja na hila nyingine za mtu yule.

Ardith aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi. Curtis alimletea bastola amwondolee hatari ile tu. Lakini Ardith alipoifungua aliona mdomo wa mtutu umekatwa ukaegemea kushoto, na vyumba vya silinda viwili vimekwanguliwa, akashindwa kuirudisha vile, maana jina lake lingefuatana nayo. Denzil akasema mdomo ule aliukagua mwenyewe. Ardith akamuuliza, kwa jicho gani? Akamwonyesha kalenda ukutani, hatua tatu, picha ya bata majini, akamwomba asome mwezi. Denzil alitazama. Bata alikuwepo. Chini ya bata palikuwa na moshi.

"Septemba," akasema, kwa sababu ilikuwa Septemba.

"Hiyo bado ni ya Agosti. Sijaifunua."

Palikuwa na kiti, Denzil akakikalia bila kukaribishwa.  Halafu lile swali alilolibeba tangu ujana, ambalo alidhani atakufa nalo, likatoka lenyewe, tena taratibu. Akamuuliza kama asubuhi ile ya Februari baba yake alipita kwenye mashimo au hakupita.

Ardith aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hakupita," akasema. "Alitia saini kabla hajashuka. Msimamizi alitaka makaa ya kwanza yatoke saa moja kamili. Usiku wake alimwambia mama jikoni, na mimi nilikuwa pale nachambua maharagwe, wakadhani sisikii. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwenye uchunguzi akaapa kwamba alipita. Hakuna aliyewahi kuniuliza mpaka leo."

Denzil alikuwa amejiandaa kwa uongo. Miaka yote alijua atajibu nini akidanganywa, na maneno yake yalikuwa tayari, yamenolewa. Kwa ajili ya ukweli hakuwa ameandaa neno hata moja. Alihisi kifua kinambana, safari hii kweli, akaangalia viatu vyake. Alimfikiria Lonnie na ile spana.

"Kwa nini unaniambia?" hatimaye akauliza.

"Kwa sababu umeuliza. Na kwa sababu nataka uiamini ile karatasi."

"Mtu anaweza kusema ukweli mmoja ili auze uongo mmoja."

"Anaweza," Ardith akakubali. Akamsukumia bisibisi na taa ya mezani. "Basi ifungue mwenyewe."

Akaifungua. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Macho aliyaacha yapumzike, akafanya kazi kwa ncha za vidole, kipande baada ya kipande, akiutafuta mtego. Alipima kijino kipya kwa ukucha, akazungusha silinda na kuusikiliza mdundo wake kwa kidole gumba, akapenyeza kipande chembamba cha shaba kati ya silinda na mtutu kupima uwazi. Ardith aliwasha mashine yake akaendelea na bunduki ya mtu mwingine, akampa mgongo. Denzil hakukuta kitu. Aliirudishia, akaifunga kwenye kitambaa, akatoka bila kuaga. Njiani alisimama mara mbili kupisha magari ambayo hayakuwepo.

Jioni ile alimsubiri Curtis bandani. Akamwambia, "Uliingia kabatini mwangu."

"Niliingia, Mzee."

"Ufunguo uliutoa wapi?"

"Sikutumia ufunguo. Nilifungua bawaba kwa nyuma. Kufuli lako ni zuri, ila mlango wenyewe umeshikwa na skrubu nne tu."

Denzil aliziangalia zile skrubu. Miaka kumi alikuwa amelinda upande mmoja. Akamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo.

"Ningesema, ungesema mimi ndiye niliyeiharibu," Curtis akajibu. "Halafu ungeiendea na tupa tena."

Denzil alilitafakari hilo kutafuta mahali penye uongo. Hakupaona. Akamwambia nendeni mkale, mimi nakuja. Siku tatu baadaye aliweka skrubu kumi na mbili, ndefu, akapindisha ncha zake kwa ndani.

Msimu ulipofunguliwa, Jumatatu kabla ya sikukuu ya Shukrani, Denzil alipanda mlimani gizagiza likiondoka, fulana ya rangi ya machungwa, ambayo wawindaji huvaa ili waonane, juu ya koti, bastola kifuani. Theluji nyembamba ilikuwa imeshuka. Aliketi mgongo kwenye mwaloni aliouzoea, viganja juu ya magoti. Hata pale, amekwisha kuikagua bastola mara ishirini, alijiuliza kama Ardith hakumcheka. Alijiuliza pia kama kuna kitu ambacho vidole havikujua kukitafuta.

Kulungu alikuja saa mbili kasorobo, akitembea kwa hatua za kuiba kando ya kijito, kama hatua arobaini na tano. Mwili ulikuwa mkubwa. Denzil aliinua bastola. Mikono ilitulia vizuri kuliko miaka mingi. Ila juu ya kichwa cha mnyama palikuwa na tawi, au palikuwa na pembe. Alifumba jicho, akalifumbua. Kulungu akawa wawili, akarudi kuwa mmoja. Nyuma yake, chini kule, palikuwa na doa jingine jekundu jekundu ambalo huenda lilikuwa majani makavu ya mwaloni na huenda lilikuwa fulana ya mtu. Denzil hakujua, na alijua kwamba hajui. Kifyatulio kilikuwa chini ya kidole chake, chepesi, safi, kimetengenezwa kwa haki, na kwa mara ya kwanza katika shughuli ile nzima kitu pekee alichokuwa na haki ya kukitilia shaka kilikuwa yeye mwenyewe. Aliishusha bastola mapajani. Yule mnyama akanusa upepo, akaondoka zake.

Alifika nyumbani mikono mitupu, akamkuta Twila anakaanga soseji kwa ajili ya chapati za ngano nyeusi. Akamwambia amtafutie daktari wa macho.

"Tafuta wawili," akaongeza. "Nataka nisikie kama wanasema neno moja."

Walisema neno moja, mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alifanyiwa upasuaji wa kwanza Januari na wa pili Machi, na kila mara alimtaka muuguzi amwandikie jina la dawa kabla hajadungwa. Bandeji zilipoondolewa aligundua kwamba kuta za jikoni si nyeupe, zina manjano ya moshi wa miaka. Aligundua kovu kidevuni mwa Curtis, na mistari ya uchovu chini ya macho ya binti yake ambayo hakujua ilikuja lini. Ile karatasi ya Ardith aliichukua tena pikapuni, safari hii aliiomba, akaisoma yote kwenye mwanga wa dirisha, mistari kumi na saba. Akailinganisha na bastola, mstari kwa mstari. Kisha akashuka hadi mtoni kumwambia kwamba amekosea tarehe. Ardith akatazama, akakubali, akairekebisha. Walizungumza juu ya springi mpaka saa sita, na Denzil akarudi tena mwezi uliofuata na kitu kingine cha kulalamikia. Baba yake Ardith hawakumtaja tena. Mara moja tu, Denzil akiwa mlangoni, alisema Lonnie alikuwa hodari wa kupiga banjo, na Ardith akasema hilo hakulijua.

Novemba iliyofuata alimchukua Curtis mlimani. Hakumkaribisha hasa, alimwambia tu kwamba kama anataka kuona asivae koti linalopiga kelele. Walikaa saa tatu bila kusema, jambo ambalo Curtis alilijua vizuri, na Denzil akaona kwamba ukimya wa mtu huyu una matumizi yake. Dume lilipotokea kwenye miti ya misonobari lilikuwa na pembe za ncha nane, na Denzil alizihesabu zote nane moja moja, kisha akatazama nyuma ya mnyama, kisha kushoto, kisha kulia. Alipovuta kifyatulio, mlio ukagonga bonde na kurudi. Kulungu alikwenda hatua chache, akapiga magoti, akalala ubavu. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya bega palepale.

Curtis alitembea kutoka mwaloni hadi kwa mnyama akihesabu kwa sauti, akapiga kelele kwamba ni hatua hamsini na mbili.

"Hesabu tena," Denzil akamwambia.

Akahesabu tena akirudi. Hamsini na mbili. Denzil akainuka, akajishika kiuno, akaenda mwenyewe taratibu, akitumia miguu yake mifupi ya mchimba makaa, akapata sitini na moja. Walimfunga kulungu kamba kwenye pembe na kuanza kumburuta kwenye theluji kuelekea nyumbani, kila mmoja upande wake, na mpaka wanafika uzioni walikuwa bado wanabishana hatua ni nini.